Jina Lililobaki

Kila mwaka, siku chache kabla ya misa ya marehemu, Kambo Mumba, yaani Bibi Mumba, humtajia mjukuu wake Wivine majina ya wafu wa ukoo ili yapelekwe kwa padri. Mwaka huu Wivine, fundi cherehani wa Naviundu anayejifunza kuandika programu za kompyuta kila Jumamosi, alikataa kalamu katakata. Karatasi hupotea, alisema. Akatengeneza programu yake mwenyewe: unaandika jina, nayo inaliweka kwenye faili.

Bibi alitaja majina ishirini na matatu huku akimenya viazi vitamu. Alianza na wazee wa Kasenga, akamaliza, kama kawaida yake, kwa sauti ya chini: "Chilufya."

Kisha akasema, "Basi soma, nisikie."

Wivine akaifungua faili. Mlikuwa na jina moja tu. Akasonya. Programu yake ilifungua faili upya kwa kila jina, na kila ilipofungua, ilifuta kwanza lililokuwamo.

"Kambo, unisamehe. Yote ilifutika. Kulibakia Chilufya tu."

Kisu kikatulia. Chilufya alikuwa mtoto wa kwanza wa Kambo, aliyeishi siku nne. Miaka sitini alikuwa akiwekwa mwisho, na mapadri wenye haraka walikatisha orodha kabla ya kumfikia.

Wivine alirekebisha mstari wa programu uliokuwa na kosa hilo, ili iongeze majina chini bila kufuta. "Tuanze tena, Kambo. Nifute na hii?"

"Hapana, muache pale," bibi akasema. "Bengine batamufuata nyuma."