Tarehe ya Kuokoka ya Mama Marion

Baraza la Wazee limetamka, na tamko likapigwa chapa, likatiwa muhuri na kubandikwa kwenye mlango wa kanisa la mabati pale Mowlem, kwamba imani hairithiwi. Hakuna aliyezaliwa nayo. Hakuna aliyeachiwa na babake pamoja na shamba. Kila mshirika sharti awe ameichagua mwenyewe, akiwa na akili timamu, katika siku anayoweza kuitaja. Kwa hivyo kila anayetaka uongozi atajaza fomu yenye maswali matatu: aliokoka tarehe gani, aliokokea wapi, na kabla ya hapo alikuwa nani. Tena awe ametimiza miaka miwili katika wokovu.

Asenath Khavere, ambaye Mowlem nzima inamwita Mama Marion, alilisoma tangazo hilo mara tatu. Mara ya kwanza alisema amina kwa sababu ya muhuri. Mara ya pili alitafuta miwani. Mara ya tatu alielewa kwamba yeye, mwenye miaka hamsini na mitatu, yote ya kanisani, hana tarehe.

Si kwamba alikuwa ameisahau. Haikuwahi kuwepo. Babake alikuwa mhubiri kule Vihiga, mamake mwenyekiti wa akina mama, na Asenath alipelekwa ibadani akiwa na siku nane, amefungwa mgongoni mwa shangazi. Nyimbo zilimtoka kinywani kabla ya meno. Hakuwahi kutoka kanisani, kwa hivyo hakupata nafasi ya kuingia.

Na kiti alikitaka. Mwenyekiti wa akina mama ndiye anayetangulia kuingia nyumba yenye msiba. Ndiye anayepewa maiki bila kuomba. Asenath alikuwa naibu wake kwa miaka kumi na mmoja, akibeba sufuria za wageni na kunyamaza vizuri, na sasa mwenyekiti amerudi kijijini kuuguza mgongo, kiti kiko wazi, na aliyesimama kati yake na kiti hicho ni Kamene.

Kamene alikuwa na tarehe. Alikuwa na saa pia. Kwa miaka kumi na minne alipika pombe ya chang'aa katika chumba kimoja mtaani Kware, mpaka tarehe tisa Machi, miaka mitatu iliyopita, saa kumi na dakika ishirini jioni, alipoangusha mtungi na kupiga magoti juu ya vigae vyake. Ushuhuda huo ulipoanza ulikuwa na askari wawili na mtungi mmoja. Kufikia Pasaka askari walikuwa sita, na mtungi ulikuwa umepata wenzake darini. Asenath alikuwa akihesabu. Akina mama walilia kila mara, na Asenath alilia nao. Ukilia pamoja na watu, hakuna anayekuuliza unalilia nini.

Kilichomuuma si kwamba Kamene alikuwa na dhambi. Ni kwamba alikuwa nazo nyingi hivyo, na zote zikamfaa.

Siku ya pili baada ya tangazo, akiwa sokoni Gikomba anakunja mapazia ya mitumba anayouza, alimgeukia jirani yake wa kibanda, Hibaq, muuza mashungi na magauni ya dira, ambaye soko linamwita Mama Mahad.

"Mama Mahad, wewe uliokoka lini?"

"Sisi hatuokoki, mama. Sisi tunaswali."

"Sawa, ulianza siku gani?"

"Nilianza?" Hibaq aliweka dira chini ili acheke vizuri. "Niliadhiniwa sikioni hata sijafungua macho. Wewe, ulianza siku gani kuwa Mluhya?"

"Na hakuna mtu hukuuliza tarehe?"

"Nani aniulize? Mimi huulizwa kipande cha kitambulisho tu, na askari." Akamtazama mwenzake, akaona jambo si la mchezo. "Sasa wewe tafuta dhambi moja, Mama Marion. Gikomba hii yote utakosa?"

Asenath alimwonea wivu papo hapo, wivu mdogo wa kando, akarudi kwenye mapazia.

Dhambi alizitafuta. Akiwa na miaka tisa aliiba sukari guru, lakini mamake alimchapa siku hiyo hiyo, na kesi ikaisha. Akiwa na ishirini alicheza harusini mpaka kiatu kikavunjika, ila wimbo ulikuwa wa kwaya. Alijaza fomu alivyoweza na kuipeleka kwa Otiende, katibu wa kanisa, mtu mwangalifu anayevaa tai hata siku ya kufagia.

"Mama Marion, hapa kwa tarehe umeandika 'tangu zamani'."

"Ndiyo."

"Na hapa wanapouliza ulikuwa nani, umeandika 'mimi'."

"Kwani nilikuwa nani, Otiende?"

"Mimi ni katibu tu, mama. Lakini wazee watauliza. Mwenzako Kamene amejaza karatasi mbili, akabandika ya tatu."

Ile karatasi ya tatu ndiyo iliyompeleka Asenath Kware. Siku ya Jumatano alimwachia Hibaq kibanda, akasema anaenda kumwona mgonjwa, akashika njia hadi kwenye lile jengo la ghorofa ambalo Kamene hulitaja kwa jina katika kila ushuhuda. Mtu aliyepika miaka kumi na minne, alijiambia, haachi hivi hivi. Alipanda ngazi akinusa kila ghorofa. Ya kwanza ilinuka omena. Ya pili sabuni. Ya tano ilinuka omena na sabuni. Mlango wa Kamene wa zamani ulifunguliwa na msichana mwenye taulo kichwani.

"Kamene wa zile vitu? Aliachaga kitambo. Hata ukimwekea pesa kwa mkono, anakuimbia."

"Hata kidogo? Hata Krismasi?"

Msichana alimpima kutoka kitambaa cha kanisa hadi viatu. "Mathe, wewe ni askari wa kanjo ama una kiu?"

Asenath alishuka ngazi polepole. Alikuwa amepata uhakika kwamba dada yake katika Bwana ameokoka kabisa, na habari hiyo njema ilimkaa kifuani kama kiporo cha ugali.

Jumapili wagombea waliitwa mbele. Kamene alianza. Askari walikuwa wanane, mmoja na mbwa. Makofi yalipotulia, Mchungaji Wesonga alimpa Asenath maiki. Alikuwa amejiandaa. Usiku kucha alitunga mkutano wa injili, Kakamega, Agosti, mvua inanyesha, na yeye msichana wa disko aliyepotea. Aliufungua mdomo. Mbele yake, benchi la kwanza, mtu mmoja tu alikuwa amesimama kumpigia makofi ya kumtia moyo, machozi tayari machoni.

"Sema, mama!" Kamene alipaza sauti. "Sema!"

Disko akaliacha huko huko Kakamega.

"Bwana asifiwe," alisema Asenath. "Huyu mama... mimi nimemwonea wivu miaka mitatu."

Otiende akaweka kalamu chini.

"Akishuhudia, nalia na nyinyi, lakini si kwa furaha. Nimekuwa nikihesabu askari wake. Juzi nilienda Kware kunusa kama bado anapika. Na nilitaka apike! Nimemwombea aanguke. Nimeomba nikiwa nimepiga magoti, na hii kitambaa ya kanisa iko kwa kichwa."

Kigelegele cha kwanza kilitoka nyuma, kisha ngoma, kisha kila kitu. Akina mama wawili walianguka, mmoja akiwa na kilo zake zote. Watu walimlilia Asenath Khavere, yeye mwenyewe, kwa neno lililotoka kinywani mwake, na kwa muda wa dakika nne hivi alionja utamu ambao Kamene huupata kila mwezi. Mchungaji aliinua mkono.

"Amechagua! Leo amechagua! Otiende, ni saa ngapi?"

"Saa sita na dakika kumi, Mchungaji."

"Andika."

Otiende akaandika. Ilikuwa baada ya nukta ndipo Asenath alipokumbuka ile miaka miwili.

"Mchungaji," alisema, maiki bado mkononi, "mimi niko hapa Mowlem, ndani ya kanisa hili, tangu mabati yake yakiwa mapya. Miaka thelathini na minne."

"Ulikuwa hapa, mama, hatukatai," alisema Mchungaji kwa upole. "Lakini leo ndiyo umefika."

Kamene alichaguliwa bila mpinzani. Alimkumbatia Asenath kwa nguvu za mtu aliyezoea kubeba mitungi, na hakuwa na ubaya wowote moyoni. Hilo ndilo lililokuwa gumu kumsamehe.

"Usijali, mama," alimwambia. "Miaka miwili ni kitu gani? Darasa la waumini wapya ni langu, nitakufundisha mimi mwenyewe." Kisha akamsogelea sikio. "Na askari walikuwa wawili. Nilijua unahesabu."

Jumapili iliyofuata Asenath aliketi kwenye benchi nyuma ya jiko la kanisa, kati ya kinyozi na kijana aliyeacha kucheza kamari. Kamene aliwafundisha wimbo, akakosea ubeti wa pili. Asenath aliuimba ulivyo, kwa sauti iliyozidi kidogo mahitaji ya darasa.

Baada ya ibada hiyo Otiende alifungua daftari la washirika. Kulikuwa na majina mawili ya kuingiza: Asenath Khavere, na Munyoki, mjukuu wa Kamene, wa wiki sita, aliyeletwa kuwekwa wakfu. Mtoto hakuulizwa kitu, alikuwa amelala. Penye tarehe ya kuokoka Otiende alijaza tarehe ya kuzaliwa, kama afanyavyo siku zote kwa watoto wa washirika. Kwa mujibu wa daftari, Munyoki amemtangulia Asenath katika wokovu kwa wiki tano.