Ngao ya Mzee Elkana Yaenda Matangani

Ukipita Lambwe ukaona chumba cha mawe chenye mlango wa buluu nyuma ya soko, hayo ndiyo makumbusho ya bonde, na ufunguo wake huning'inia shingoni mwa Monicah kwa kamba ya kiatu. Shule aliiachia darasa la sita. Lakini mgeni akiingia, yeye ndiye humwonyesha mtego wa mbung'o, jiwe la kusagia mtama, na kengele za ng'ombe waliokwisha kuliwa zamani. Yeye ndiye humweleza jinsi malale yalivyowahamisha watu, nyasi zikameza maboma, hadi wachache wenye roho ngumu waliporudi na panga zao. Nyumbani hakuna anayemuuliza kitu ila chakula kiko wapi.

Shida ni kwamba watu walitoa vitu vyao kisha wakavihitaji. Mzee akifa, lazima kifo kifukuzwe: wanaume huswaga ng'ombe, wakashika mikuki na ngao, wakakimbia hadi porini na kurudi wakiimba. Zamani kila boma lilikuwa na ngao yake. Siku hizi zimetundikwa ukutani kwa Monicah. Mwaka jana baragumu iliazimwa kwa matanga, ikarudi na ufa. Jacktone, mwenyekiti wa kamati, akamwambia Monicah mbele ya watu, "Kitu kingine kikitoka hapa, Mama Trizah, utanirudishia ufunguo." Tangu hapo Monicah akiamka huupapasa kwanza, ndipo asali.

Ijumaa asubuhi alimwona Phelesia akija na mkongojo, mjane wa Elkana aliyefariki wiki hiyo. Monicah alijua anachotaka kabla hajafika mlangoni.

"Nyar Karungu," bibi kizee alisema, akimwita kwa jina la kwao alikozaliwa, "nimefuata ngao ya mume wangu."

"Pole, Dani, nyanya yangu. Lakini kamati imekataza."

"Kamati ilikuwa wapi Elkana akimuua nyati mwenye ngozi hiyo?"

"Mimi ni mtu wa kuambiwa tu."

"Hata mimi niliambiwa. Niliambiwa ngao itapumzika. Sikuambiwa inafungwa jela." Phelesia akaketi kizingitini. "Vijana wanataka kukimbia na vifuniko vya sufuria. Jana wamejaribu. Elkana angefufuka awachape."

Monicah aliitazama ngao. Alikumbuka alipokuwa bibi arusi mgeni, alipozikwa babake mumewe: ardhi ikitetemeka chini ya kwato, vumbi jekundu, ngozi zikigongwa kwa mikuki, na yeye akilia pembeni, si kwa msiba bali kwa uzuri wa jambo lile. Binti yake Trizah hayo ameyaona kwenye simu tu. Aliiangua.

"Isirudi na hata alama, Dani."

"Itarudi," Phelesia alisema. Hakusema itarudi vipi.

Mchana alifunga mlango, akaenda kusimama kando ya barabara inayoshuka mtoni na wanawake wengine. Hakumwangalia ng'ombe wala mtu. Macho yake yalikuwa kwenye ngao, mkononi mwa mjukuu wa Elkana. Wanaume walipofika mtoni, jamaa mmoja mnene mwenye koti alichomoka katikati ya watu, akamnyang'anya kijana ngao, akatangulia mbele ya mafahali akijisifu kwa majina ya sifa ya babu yake.

"Huyo ni nani?" jirani aliuliza.

"Mwenyekiti," Monicah alisema polepole.

Ngao ikapotelea kwenye vichaka vya miiba pamoja naye.

Jioni Jacktone alifika makumbusho akichechemea, koti limechanika. Ngao ilikuwa imepasuka kutoka ukingoni hadi katikati. Monicah alivua kamba shingoni, akamnyooshea ufunguo.

"Kaa nao," Jacktone alisema, akitazama viatu vyake.

"Si ulisema mbele ya watu?"

"Usinichokoze, Mama Trizah. Magoti yanauma." Akashusha pumzi. "Unajua, sikujua kama bado nayakumbuka yale majina yote."

Monicah akaitundika ngao mahali pake, ufa wake ukielekea wageni.

"Sasa kwenye kadi yake ya maelezo tuandike nini?" Jacktone aliuliza.

"Kwamba ilipasuka matangani kwa mwenyewe, ikifanya kazi yake."

"Na jina langu?"

"Hilo tuliache. Wageni wataambiwa na watu wa sokoni."