Volant ya Wakati Ule

Namshukuru Mungu kwa motokari ile, na ningemshukuru hata kama isingekuwa na usukani kabisa. Niliinunua mwaka 2009, baada ya kustaafu, kwa mjane mmoja Mbelgiji wa Etterbeek, hapa Brussels, ambaye marehemu mumewe alikuwa ameifunika kwa mashuka miaka mingi. Rangi yake ya kijivu, taa zake za mviringo, viti vyake vilivyonuka ngozi na tumbaku, vyote vilikuwa kama vya motokari ambayo baba yangu aliiendesha Lubumbashi alipokuwa dereva wa wakubwa wa mgodi. Kilichokosekana ni usukani, ambao sisi watu wa Katanga tunauita volant.

Yule marehemu aliutoa wa asili, sijui kwa nini, akaweka mwingine wa kununua dukani. Ulikuwa mdogo, mweusi, una vyuma vitatu vilivyotobolewa matundu kama wa magari ya mashindano. Wa baba ulikuwa mpana na mwembamba, rangi ya pembe ya ndovu, una pete ya chuma ya kupigia honi. Jumapili baada ya kanisa baba alinipakata, akaniacha niushike motokari ikiwa imesimama. Ulikuwa wa baridi, na una nyufa ndogo kama mistari ya kiganja. Nilitaka kuushika wa namna ile tena kabla sijafa. Sikuomba zaidi ya hapo.

Ndugu mmoja wa kanisani kwetu alikuwa fundi wa rangi za magari. Alikuwa na karakana ndogo Saint-Josse, nyuma ya duka la mboga la Waturuki. Tuliomba pamoja kila Jumamosi tangu alipofika Brussels. Mke wangu alipolazwa hospitalini, yeye ndiye aliyeniletea supu na kuketi nami mpaka nile. Aliniita yaya, kama kwetu mtu anavyomwita mkubwa wake, na mimi sikuwa na mdogo mwingine huku Ulaya.

Aliingia ndani ya motokari, akaikamata ile volant nyeusi, akacheka.

"Yaya, hii ni ya kijana wa mbio. Weye unaendesha sawa muntu amebeba mayai."

"Ndiyo maana nataka itoke."

"Bon. Tuko na njia mbili. Tutafute ya kweli, ao tununue mupya ya umbo lile, tuizeeshe. Tutatia rangi, tutachora nyufa, chuma tutakifubaza. Muntu hatajua."

"Mimi nitajua, na sioni ubaya," nilimwambia. "Ukiizeesha, uniambie tu kwamba umeizeesha. Nitaipenda hivyo hivyo."

"Hapana, yaya. Kwanza tutafute ya kweli."

Nilisubiri. Kusubiri si kazi ngumu kwangu. Nilikuwa mwalimu wa katekisimu kabla ya kuja huku, na anayefundisha watoto sala hujifunza kusubiri. Vuli ikapita, baridi ikaingia. Jumamosi moja akaja kwangu na kitu kilichofungwa blanketi, akakiweka juu ya meza ya chakula.

"Nimeipata," alisema. "Volant ya wakati ule."

Nilifungua blanketi. Rangi ilikuwa ile ya pembe, imegeuka njano kidogo pale mikono inapokaa. Nyufa zilikuwepo, nyembamba, zimeingia weusi wa miaka. Pete ya honi ilikuwa imefifia. Mke wangu alitoka jikoni akanikuta nimekaa na volant mapajani, nalia, akarudi jikoni.

"Umeipata wapi?" nilimwuliza.

"Mungu iko na njia zake, yaya."

Sikuuliza tena. Mtu akikutajia Mungu, na mmepiga magoti pamoja miaka yote hiyo, utamwuliza nini zaidi? Akaifunga mwenyewe siku ile ile, akaimba akiwa amelala chini ya dashibodi.

Kesho yake nikasimama kutoa ushuhuda. Kanisa letu wakati huo lilikuwa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, juu ya saluni, na harufu ya dawa za nywele ilipanda mpaka madhabahuni. Niliwaeleza juu ya baba. Nikasema kwamba volant iliyotengenezwa wakati wa baba yangu ilikuwa mahali fulani katika nchi hii ikinisubiri, na Mungu alimtumia ndugu huyu kuiokota. Nikamnyoshea mkono. Alikuwa ameketi mahali pake pa kila siku, karibu na dirisha. Waumini wakapiga makofi, naye akasema kwa sauti nzito, "Amina."

Juma lile niliendesha kidogo tu, na glavu za sufu mikononi kwa sababu ya baridi. Mke wangu alinitania.

"Papa, umelilia volant kama mutoto, sasa unaishika na glavu?"

Ni kweli, nilikuwa nikiitunza. Nilitaka kuishika kwa mikono mitupu siku itakapobarikiwa.

Kwetu motokari haijawa yako mpaka ibarikiwe. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulishuka wote hadi barabara ya pembeni, karibu na Chaussée d'Ixelles, nilikokuwa nimeegesha. Mchungaji alimimina mafuta ya zeituni kiganjani, akaingiza mkono dirishani, akaishika volant, akaanza kuomba. Na maombi yake si mafupi. Aliomba kwa ajili ya breki, magurudumu, polisi wa njiani, madereva walevi, huku mkono wake ukizunguka na kuzunguka, ukisugua mafuta. Tukasema amina. Akautoa mkono, akautazama. Ulikuwa wa kahawia mpaka kwenye vidole.

"Mzee," alisema, "motokari yako inatoka jasho."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Kisha nikainama ndani. Pale mafuta yalipopita, nyufa zilikuwa zimeoshwa, na rangi ya pembe iling'aa kama sahani iliyonunuliwa jana. Harufu iliyonijia niliijua. Kila Jumamosi jioni napaka viatu vyangu vya kanisani rangi ile ile.

Niliinua kichwa kumtafuta yule fundi. Ni yeye peke yake aliyekuwa hacheki. Alitazama vitasa vya mlango wa saluni kana kwamba alitumwa kuvitengeneza.

Jumatatu nilikwenda Saint-Josse. Nilimkuta anasugua mlango wa gari la mtu. Aliponiona akazima mashine, na hatukusalimiana.

"Ni mpya," nilisema.

"Mupya, ndiyo. Niliipiga msasa, nikatia rangi, nyufa nikachora na wembe. Nikajaza kahawa na rangi ya viatu. Varnish ndiyo ilikosekana. Ungeona inang'aa, ungejua."

Alinieleza kama fundi anavyomweleza mteja, na kwa kitambo alisahau tulikuwa tukizungumza juu ya nini.

"Nilikuambia uniambie."

"Nilisema volant ya wakati ule, yaya. Sikusema ilitoka wakati ule."

Nilikaa juu ya tairi. Maisha yangu yote nimefundisha watu kuangalia neno. Katika hilo "ya" dogo alikuwa amepata nafasi ya kupita, akapita, nami nikamfungulia mlango kwa machozi yangu. Hakuwa amenidanganya hata kwa neno moja. Alikuwa amelichagua kila neno, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kwa nini?"

"Nilitafuta, kweli. Haikupatikana. Alors nikaona, akifurahi inatosha. Nilikuwa nitakuambia."

"Ungeniambia lini?"

"Nilipotaka kusema, ulikuwa unalia."

"Na Jumapili? Kabla sijasimama mbele ya kanisa?"

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ulisimama mbiyo, yaya."

Nilimwambia nimemsamehe. Nimefundishwa kusamehe kabla hasira haijaota mizizi, na nilisema kwa moyo. Akaniomba nimwachie volant aipake varnish isiyong'aa, nyufa zisioshwe tena. Nikamwachia, kwa kuwa motokari ilihitaji, na kwa kuwa kazi yake, ukiijua kuwa ni kazi, ilikuwa nzuri. Laiti angeniletea hivyo tangu mwanzo, ningeibusu.

Lilibaki jambo moja, nalo lilinikosesha amani. Nilikuwa nimemshukuru Mungu hadharani kwa jambo ambalo hakulifanya. Jumapili nikaomba nafasi, nikasimama tena. Niliwaambia waumini kwamba volant ya motokari yangu ni mpya, imetengenezwa ifanane na za zamani, na kwamba majuma mawili kabla niliwapa habari ambayo haikuwa kweli. Sikumtaja mtu. Wakapiga makofi tena, wakidhani ni unyenyekevu wa uzee. Nikatazama dirishani. Nilingoja. Nafasi ilikuwepo, ya mtu kusimama na kusema maneno mawili tu.

"Amina," alisema, kwa sauti ile ile nzito, wala haikutetemeka.

Motokari ninayo bado. Mikono yangu imeanza kuichakaza volant juu, upande wa kushoto, na hapo haikupakwa na mtu. Yeye bado ananiita yaya, nami naitika. Jumamosi tunaendelea kuomba pamoja, sebuleni kwangu, tukipokezana. Zamani alipoomba nilifumba macho tangu neno la kwanza. Siku hizi anapoanza, ananiombea afya, anaombea nyumba yangu na wanangu, mimi nakaa macho wazi, namtazama mdomo.