Injini ya Boti na Mafuta ya Mama

Majina sitayataja, mama amenikataza. Lakini kazi zao nitazitaja, na pale Hombolo kazi ya mtu inajulikana kuliko jina lake. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha uvuvi ndiye aliyechukua tanga, na ndiye aliyetangaza kwamba kaka yangu aliuza oili. Seremala wetu ndiye aliyenyamaza. Mimi shule niliishia darasa la nne, naandika kama ninavyoongea.

Boti yenyewe ilikuja juu ya lori kutoka pwani. Watu wa mradi fulani waliishusha bwawani ikiwa na mlingoti, tanga jeupe, na katikati, chini ya kifuniko cha mbao, injini ndogo ya dizeli ya silinda moja. Sisi ni watu wa mtama na mbuzi, hata bwawa tulichimbiwa tu. Walimfundisha kaka kuiendesha, wakapiga picha, wakaondoka na lori lao.

Kaka aliipenda injini ile kama mtu anavyompenda ng'ombe wa maziwa. Mimi kazi yangu ni mashine ya kusaga, na mashine yangu inapozwa na pipa la maji lililosimama pembeni yake. Ya kwake haikuwa na pipa. Ilinywa maji ya bwawa kupitia tundu lililo tumboni mwa boti, yakapita kwenye mpira, yakazunguka silinda, kisha ikayatema nyuma kwenye bomba la moshi. Kila alipoiwasha aliinama nyuma kuangalia, na akiyaona yanaruka anasema, "Inakojoa, twende." Mama alipokuwa akimletea uji wa ulezi pale ufukweni alikuwa anamuuliza kwanza, kabla ya salamu, kama imeshakojoa.

Msimu wa mavuno mwenyekiti alilichukua tanga akaanikie alizeti yake. Kaka alilifuata mara nyingi. Akajibiwa kwamba injini ipo, tanga la nini, na kwamba alizeti haianikwi mchangani. Halikurudi.

Baadaye boti ikapandishwa nchi kavu, ikapigwa lami tumboni na rangi ubavuni. Kazi hiyo alipewa seremala. Safari ya kwanza baada ya rangi tulikuwa wawili, mimi na kaka, tunafuata nyavu upande wa pili. Tuliisukuma kwa mti mpaka kwenye kina, upepo ukaanza kutuchukua, kaka akawasha. Akainama nyuma. Akakaa ameinama muda mrefu.

"Leo haikojoi," akasema.

Akadhani imemeza hewa, akaisubiri kidogo. Halafu akasema tugeuze, na katika kugeuza ikatoa mlio wa chuma kinachosaga chuma, ikanoki, ikakwama palepale. Ukimya ule siusahau. Upepo wa kwetu, ukiamua, hauna adabu. Ulitusukuma moja kwa moja kwenye miti iliyokufia majini, ile mikavu inayosimama kama vidole. Tungekuwa na tanga tungepinda, tungerudi nyumbani. Boti ikapigwa ubavu, ikalala. Mimi mkono wangu uliangukia kwenye dumu tupu. Mkono wa kaka uliangukia kwenye nyavu zilizonasa kwenye miti ile, zikamzamisha. Tofauti yetu ilikuwa hiyo tu, na nimeishi nayo mpaka nywele zimeanza mvi.

Matanga hayajaanuliwa mwenyekiti akasimama mbele ya watu kueleza. Akasema injini hainoki bila sababu, inanoki kwa kukosa oili, na dumu la oili ya kikundi lilikuwa likikaa kwa marehemu, na vijana wa bodaboda kila mtu anajua wanatafuta oili wapi. Akamalizia kwa kumwombea marehemu msamaha. Nilisimama nikasema kaka alilalamika kwamba haikojoi. Watu wakaangua kicheko katikati ya msiba, nikakaa chini.

Mama yetu alikuwa anauza mafuta ya alizeti, anapita nayo mlango kwa mlango na chupa zake kwenye beseni. Baada ya hapo alipopita, mwenyekiti akiwa kibarazani na wenzake alimwita kwa heshima zote, shikamoo mama, kisha akamuuliza, "Haya mafuta ni ya chakula au ya mashine?" Wakacheka. Maneno yakapata miguu. Watoto wakayadaka, wanawake kisimani wakayarudia. Mama hakugombana na mtu. Siku moja aliosha chupa zote, akazifunga kwenye gunia, akaliweka darini. Akawa mtu wa kukaa ndani.

Boti iliburutwa ufukweni, ikageuka kivuli cha mbuzi. Mimi sikuwa nikipita upande ule. Mwaka huu ndipo nikasikia kikundi kinataka kuikata iwe kuni, na chuma kiende kwa wanaonunua chuma chakavu. Nikamwendea mwenyekiti nikamwomba injini. Akaniuliza ya nini, nikamwambia labda nitapata vipuri vya mashine yangu. Akasema chukua, inatuletea mikosi tu. Uongo wangu ulikuwa mdogo. Nilitaka kujua kama kaka alikuwa mwizi, maana hata mimi, nisiseme uongo, kuna siku nilikuwa nalala namwamini na kuamka namshuku.

Nikaibeba na mpira wake na koki yake ya maji mpaka kwenye banda langu la kusagia. Ilikuwa imevaa kutu kama mchwa umeijengea. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuweka beseni chini na kulegeza nati ya kumwagia oili. Yakatoka maji. Maji matupu, mekundu kwa kutu. Nikaona basi, mwenyekiti alisema kweli, na spana ikanitoka mkononi. Lakini nikakumbuka kwamba boti ililala majini, na maji yakikutana na oili lazima yakae chini. Sikuifunga nati. Nikasubiri. Maji yakakonda, yakakatika, kisha ikashuka nyeusi, nzito, taratibu kama asali ya nyuki wadogo. Ikajaa. Nikabadilisha chombo, ikaendelea.

Nilimwita mama. Nikamwonyesha, nikachovya kidole nikampaka kiganjani. Akaisugua, akainusa. Akasema, "Ilikuwa humu siku zote?" Nikamwambia ilikuwa humu. Akatoka nje akakaa kwenye gogo, na mimi sikumfuata.

Kilichobaki ni kwa nini. Nikafungua kichwa cha injini. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania silinda, na silinda ina michubuko mirefu ya joto. Nikamimina dizeli juu yake, nikaiacha inywe, nikawa naipiga kwa kipande cha mti, siyo chuma, kila asubuhi kidogo kabla ya kusagia watu, hadi ikaachia. Kwenye pampu ya maji kuna kigurudumu cha raba chenye mabawa. Mabawa yalikuwa yameungua, yamejikunja. Raba ile haiungui ikiwa na maji. Nikarudi ufukweni kwenye boti, nikaingiza waya pale koki ilipokuwa imekaa. Haukupita. Nikainama chini kwa nje, nikabandua lami kwa patasi, nikagonga. Kikadondoka kigingi cha mpini wa jembe, kimechongwa vizuri, kimeviringishwa tyubu ya baiskeli.

Kazi nyingine ya kukarabati ilikuwa ya mikono tu. Brashi ya waya, msasa, dizeli, kitambaa. Ringi za pistoni nilichukua za mashine ya kusaga, nikazikwangua mpaka zikakubali. Mabawa nikayakata kwenye raba ya tairi. Nozeli ya kupulizia dizeli niliichemsha na kuisugua kwa mswaki wa zamani. Wakati wote huo nilikuwa nazungumza na kaka kimoyomoyo, na zaidi nilikuwa nawatukana wale wawili, mmoja kwa tanga na mmoja kwa kigingi. Hasira ni kazi pia, inachosha.

Siku ya soko banda langu linajaa akina mama na madebe yao ya mahindi. Siku hiyo nikaifunga injini kwenye magogo, mpira wake nikautumbukiza kwenye pipa la maji, nikawaita mwenyekiti na seremala waje waone vipuri vyao. Mama nikamweka kwenye kiti. Seremala aliingia na salamu yake ya Kigogo ya uchangamfu, "Mbukwenyi," akasimama karibu na mlango.

Nikakiinua kigingi. "Fundi, kazi ya nani hii?"

Akakipokea, akakigeuza. "Yangu."

"Uliziba nini?"

"Tundu. Boti ina tundu tumboni, ndugu yangu, linaangalia maji. Ungekuwa wewe ungeliacha?"

Watu wakacheka kidogo. Huku kwetu maji yanatafutwa, na kitu kikitoboka tunaziba, debe, kibuyu, pipa, hatuulizi. Pengine na mimi ningeziba. Nasema hivyo na sipendi kusema.

"Na baada ya mazishi?"

Akanirudishia kigingi. Mama ndiye aliyemuuliza mara ya pili, kwa sauti ndogo, baada ya mazishi ilikuwaje.

"Baada ya mazishi nilianza kuwaza, mama. Nikasikia wanasema oili. Nikaona basi, iwe oili."

Hapo ndipo ninapomshika. Kigingi ni ujinga wetu sote. Hayo maneno matatu ya mwisho ni yake peke yake, na sijamsamehe.

Nikazungusha hendo ya kuwashia. Ikakohoa moshi mweupe, ikakataa. Nikazungusha tena, ikashika. Nikainama nyuma ya bomba kama alivyokuwa akiinama kaka. Hakuna kitu. Halafu ikatema tone, ikatema funda, ikaanza kuruka yenyewe. Mama akanyanyuka, akaweka mkono chini ya maji yale. Yalikuwa vuguvugu.

"Inakojoa," akasema.

Akina mama kwenye foleni safari hii hawakucheka. Wengine walijifuta nyuso kwa khanga. Mwenyekiti akakohoa, akasema haya, limeeleweka, ya zamani yaishe, tusaidiane kama majirani. Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, nimeyatunza miaka, makali yote. Mama alinitangulia. Mkono wake bado ulikuwa kwenye maji.

"Kesho napita na mafuta, mwenyekiti. Naanzia kwako."

"Karibu sana, mama."

"Utaniuliza tena ni ya nini?"

Mwenyekiti akatazama viatu vyake. Mama hakuondoa macho kwake hadi alipotikisa kichwa kukataa. Kisha akaniambia nizime injini isije ikachoka, nikamshushie gunia la chupa darini, zitakuwa na vumbi.