Nyasi za Mzee Wachira

Hiram Wachira alikuwa na mikono ya kupiga. Nasema nikijua, kwa sababu nilipanga nyumba yake ya mabati kule Kitengela tangu tisini na sita, na kati ya chumba changu na bucha yake kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Alimpiga fundi aliyekosea kupima mlango. Alimpiga mteja aliyelalamika kuwa amepimiwa mifupa. Mke wake Nduta alirudi kwa dada yake Thika, na hakuna aliyeuliza sababu. Jumapili ikifika alivaa suti ya kahawia, akasimama mbele ya kanisa, akaomba kwa sauti ya kung'oa mabati, nasi wapangaji wake tukaitikia amina. Ungefanya nini, na nyumba ni zake?

Alichokipenda kuliko sisi sote ni ekari zake nane nyuma ya nyumba hizo, upande wa kuelekea Isinya. Hakulima humo wala hakufuga. Alizungusha seng'enge akakaa kungoja bei ya ardhi ipande. Kwa kuwa hakuna mnyama aliyeingia, nyasi zilirefuka hadi kiunoni. Kuzitazama, hakuzitazama hata siku moja. Alitazama waya.

Kisha ukaja ule ukame wa mwaka elfu mbili. Wafugaji walipita barabarani wakielekea Nairobi, ng'ombe wao mbavu nje, na waliokufa waliozea mtaroni hadi harufu ikaingia kwenye chai. Ndani ya ua wa Wachira nyasi za manjano zilisimama bila kazi. Mimi ni Mbukusu, nimezaliwa mahali ambapo mvua haijui kupumzika, lakini hata mimi niliona ile ni dhambi.

Asubuhi moja Parsaloi, kijana wa Kimaasai wa boma la jirani, alilaza waya kwa mawe na kuingiza ng'ombe wachache waliobakia kwao. Nilikuwa naanika nguo. Nilimwona Wachira akitoka buchani na kile chuma cha kunolea visu, anatembea haraka. Parsaloi alikuwa na rungu. Badala ya kuliinua, alilitupa chini, akainama, akang'oa fungu la nyasi akalinyoosha mbele ya uso wa Wachira. Hakukimbia. Alisimama tu, ametulia, kama mtu aliyekwisha kuwa salama.

Wachira alimpiga usoni. Alipoanguka alimpiga tena, na tena, na nyasi bado zilikuwa mkononi mwa kijana. Nilipiga mayowe mpaka watu wakatoka kwenye nyumba zote.

"Alitaka kunilisha nyasi," Wachira aliniambia baadaye, akinawa damu kwenye karai huku anacheka. "Kwani mimi ni mbuzi?"

Nami sikujua maana yake. Aliyenieleza ni Mama Naserian, Mmaasai aliyekuwa akiniletea maziwa, na siku hiyo alikuja bila maziwa. Alisema ng'ombe walitoka kwa Enkai, Mungu mwenyewe, na nyasi ndizo uhai wa ng'ombe. Mtu akipigwa, akang'oa nyasi akakuonyesha, mkono wako lazima ushuke. Hata baba anayemchapa mwanawe husimama hapo hapo.

"Hakuna mtu anaweza piga mtu ameshika nyasi," alisema. "Hata mwenye wazimu." Kisha akaniambia jicho la kushoto la Parsaloi limepasuka.

Nilimwendea Wachira, nikiwa na hasira iliyonifanya nisahau kodi. "Mzee, yule kijana alikuwa anaomba amani. Hiyo nyasi kwao ni kitu ya Mungu."

"Mama Morgan, wacha ushenzi. Mimi niko na Yesu."

Wazee wa boma walikuja kuzungumza, akawaacha wamesimama getini juani hadi wakaondoka. Jioni ile ile alisema, "Kama shida ni nyasi, mimi nitamaliza shida." Akachukua mafuta ya taa na kibiriti.

Upepo ulikuwa unavuma kutoka Athi. Moto uliruka kutoka kona moja hadi nyingine kabla hajamaliza kufunga mfuniko wa jerikeni. Sungura walitoka wakiwaka. Swara mmoja jike aliyekuwa amejificha humo aliruka, akanasa kwenye seng'enge, akapiga mateke huku moto ukimfikia, na hakuna aliyethubutu kusogea kumnasua. Wanangu walijifunika masikio. Wachira alisimama kando, jasho likimtiririka, akasema sasa tuone nani ataingia. Nilimchukia siku ile, na sioni aibu kusema.

Kwa wiki mbili hivi ekari zote nane zilikuwa jivu. Mvua haikunyesha hata tone. Ndipo vijana wakaja, asubuhi, wakiongozwa na Koinet, kaka yake Parsaloi. Parsaloi mwenyewe alikuwa nyuma yao, kichwa kimefungwa kitambaa. Walimtoa Wachira buchani wakamburuta hadi katikati ya lile jivu, na rungu la kwanza lilimvunja mkono. Nilisikia mfupa. La pili lilimshukia begani, la tatu mgongoni. Alilia akiita majina yetu wapangaji, mmoja mmoja. Wanaume wetu walikuwa kiwandani. Sisi wanawake tulishika waya tukatazama mtu akiuawa.

Halafu akaacha kutuita. Akaanza kuchakura jivu kwa mkono uliobaki mzima. Nilielewa upesi anatafuta nini, na nikajua hatapata, maana alizichoma mwenyewe hadi jani la mwisho. Koinet naye alielewa. Aliinua mkono wenzake wangoje, akamwacha atafute. Nadhani alitaka ajue kwanza kwamba hakuna kitu, kisha ndipo afe.

Wachira alitambaa, akifukua, akitema damu. Mkono wake ulifika penye shina moja lililoungua, akafuta jivu, akatulia. Kisha akang'oa kitu na kukiinua kwa vidole viwili. Kilikuwa kifupi kama kucha, kijani kabisa.

Koinet alipiga magoti. Alikitazama kile kijani, akatazama mbingu isiyo na wingu, akafuta jivu kwa kiganja. Palikuwa na vingine. Chini ya weusi wote ule, nyasi zilikuwa zimeanza kutoka bila mvua na bila ruhusa ya mtu. Koinet alisema neno moja la Kimaasai kwa sauti ya chini na wenzake wakasogea, wakainama na marungu yao wakitazama ardhini. Nimeimba kwaya miaka mingi, na sijawahi kuwa karibu na Mungu kama nilivyokuwa nimeshika ile seng'enge.

Koinet alisimama. "Ndugu yangu alishika ndefu kuliko hii," alimwambia Wachira. Kisha akashusha rungu, nao wakaondoka.

Mkono wa Wachira ulipona ukiwa umepinda. Mvua iliporudi alikata seng'enge yote, na mwenye ng'ombe yeyote akawa anapita. Watu walisema rungu lilimgusa ubongo, kwa sababu kila asubuhi alikwenda kupiga magoti katikati ya shamba na kukaa hapo kimya, yeye ambaye alikuwa hawezi kuomba bila kupiga kelele. Parsaloi alileta ng'ombe wake kama wengine. Wachira alimwamkia "Sopa" kila siku, na Parsaloi alipita na upande ule wa jicho lisilokuwepo, bila kujibu.

Siku moja aliniita nikaone. Umande ulikuwa bado haujakauka. Alifungua nyasi kwa vidole, taratibu, akanionyesha zinapoanzia.

"Mama Morgan, mimi nilichoma hii. Na ikatoka. Hakuna mtu aliiambia itoke." Machozi yalimshuka na hakuyafuta.

Nilifurahi kuona alichokiona, lakini Parsaloi alikuwa anapita pale mbele yetu na ng'ombe wake, akigeuza kichwa chote ili aone njia. "Na jicho lake, Mzee?" nilimuuliza.

Wachira alimtazama hadi akapotea nyuma ya migunga.

"Jicho haitoki tena," alisema, akabaki amepiga magoti pale pale.