Kadi ya Wilkister Kwenye Mashine ya Vifaranga

Kama umewahi kununua vifaranga Kimbo, kwa ile geti ya bluu karibu na stage, basi mtu alikuhudumia ni Wilkister. Pengine ulidhani ndiye mwenye biashara. Watu wengi hudhani hivyo. Mwenye biashara ni mathe, wateja humwita Mama Maggie, na Maggie ndio mimi. Lakini ukimuuliza mathe kwa nini kifaranga chako kinasimama na mguu mmoja, atakwambia tu, "Ngoja nikuitie Wilki."

Sasa wacha nikuambie vile Wilki alienda likizo. Ilikuwa ya kwanza tangu aanze kazi kwetu, na amefanya miaka saba.

Kwanza umjue. Ni mtu wa Ugenya, mrefu, na huanza kucheka kabla amalize kuongea, so lazima ungoje ndio ujue amesema nini. Anakaa nyumba ya chumba kimoja nyuma ya posho mill. Saa kumi na mbili asubuhi ikifika, yeye ashavaa gumboots na ako kwa mashine. Hiyo mashine inabeba mayai mia tano ishirini na nane. Iko na kipima joto, kina namba nyekundu na kila kitu, lakini Wilki hakiamini. Anatoa yai moja, anafunga macho, anaiweka kwa kope. Anangoja kidogo. Halafu anasema, "Wamesikia baridi," ama, "Wako sawa." Ukienda kuangalia zile namba, unapata zimekubaliana na yeye.

Mayai lazima zigeuzwe. Kuku hugeuza zake na mdomo. Mashine yetu ilikuwa inajigeuzia yenyewe mpaka mota ikaungua, na fathe akasema atanunua ingine, na hiyo ni kitu miaka miwili sasa. So kuna mkono wa chuma hapo kando. Unauvuta asubuhi, mchana na jioni, kwa siku kumi na nane. Siku tatu za mwisho haugeuzi kitu, unangoja tu. Siku ya ishirini na moja wanatoka. Kwa mlango kunakuwa na kadi imefungwa na uzi: Kuingia, tarehe. Kutoka, tarehe. Kwetu hiyo kadi ndio inaamua mambo yote. Mathe hata harusi ya ndugu yake aliikosa juu kadi ilisema siku hiyo wanatoka.

Na hapo ndio Wilki alikuwa anakwama. Akiuliza likizo, mathe anasema, "Wacha hawa watoke kwanza, tutaongea." Wakitoka, wengine wanaingia kesho yake ama kesho kutwa. So hiyo siku ya kuongea haikuwa inafika. Sio ati mathe ni mbaya. Nguo zake nyingi huenda kwa Wilki, Krismasi tunakula pamoja, mimi Wilki akinipata na makosa ananichapa kama wake. Ni vile tu mathe alikuwa anaona Wilki ni mtu wa nyumba, na watu wa nyumba hawapewi likizo.

Halafu mwaka huu mambo ikabadilika juu ya mama ya Wilki. Sisi tunamwita Dani, ni shosho, yaani nyanya, kwa Kijaluo. Macho zake zote mbili zimeingia mtoto wa jicho, anajua watu na sauti tu. Hospitali ilikuwa imempa tarehe, Jumanne ya kwanza ya holiday ya Agosti, atolewe kwa jicho la kulia. Baada ya hapo lazima mtu amwekee dawa ya matone mara nne kwa siku. Haruhusiwi kuinama, haruhusiwi kupuliza moto wala kukaa kwa moshi, mpaka daktari amuangalie tena wiki tatu baadaye. Na Dani anaishi peke yake, anapikia kuni.

"Mimi namjua," Wilki aliniambia. "Ukimwacha siku mbili utampata amepiga magoti anapuliza moto na hilo jicho jipya."

Akamwambia mathe wakiwa wanapanga trei. Mimi nilikuwa hapo nikijifanya nafagia.

"Mama Maggie, nataka leave yangu."

"Leave ya nini?"

"Ya mwaka."

"Wilki, kwani hii ni ofisi? Wewe umewahi niona nikienda leave?"

"Wewe ni mwenye mashine. Mimi ni mfanyakazi."

"Na si nilikupea siku tatu ukienda kuzika?"

"Kuzika sio kupumzika, Mama Maggie."

Mathe akachukua trei akaiweka pahali ilikuwa. "Wacha hawa watoke, tutaongea."

Wilki hakubisha. Lakini asubuhi yake tukapata kwa mlango wa mashine kadi ziko mbili. Moja ya mayai. Ingine imeandikwa na ile handwriting yake ya herufi kubwa: WILKISTER. MWAKA WA SABA. KUINGIA: JUMATATU. KUTOKA: halafu hapo hakuna kitu, ameacha nafasi.

Fathe, jina lake Gerishon, ndio hupeleka vifaranga kwa wateja mpaka Thika na Witeithie na gari yake, Probox. Alisoma hiyo kadi na kikombe mkononi, chai ikamwagikia kwa shati akicheka.

"Idah, huyu amekuweza," akamwambia mathe.

"Cheka tu. Ni wewe utageuza mayai?" Mathe akaita Wilki. "Hii maneno umetoa wapi?"

"Calvince, binamu yangu, ako factory hapo Ruiru. Kila mwaka anaenda, na mshahara unaingia kama kawaida."

"Factory iko na watu mia tatu. Sisi tuko wewe, mimi na kuku."

Fathe akanigeukia. "Maggie, wewe hushinda kwa hiyo simu. Hebu tuone sheria inasema nini."

Nikaipata, ile sheria ya ajira. Nikawasomea: mtu akimaliza miezi kumi na mbili ya kazi, apewe siku za kazi zisizopungua ishirini na moja, na mshahara wote.

"Hiyo ni ya makampuni," mathe akasema.

Nikaendelea kusoma, nikatafuta pahali imesema biashara ndogo isijali. Hakuna. "Mum, haijasema kampuni. Imesema mwenye kuajiri."

"Siku ngapi umesema?"

"Ishirini na moja."

Mathe akaangalia mashine. Akaangalia kadi. "Kama mayai," akasema pole pole.

"Kama mayai," nikasema.

Hapo uso wake ukafunguka. Hiyo ni hesabu anajua hata akiwa amefunga macho. Wilki alikuwa ashaenda kuhudumia mteja kwa geti, so hakuona mathe akichukua biro na kujaza ile nafasi: KUTOKA, Jumatatu ya wiki ya nne. Akapigia mstari chini.

Jumamosi vifaranga wakatoka, Wilki akaosha mashine, akanifundisha kazi. Vile unavuta mkono bila kugonganisha mayai. Vile unaongeza maji kwa sinia. Vile unaweka yai kwa kope.

"Unasikia nini?"

"Nasikia yai."

"Utazoea. Na usiwaongeleshe Kiingereza, hawa ni wa kienyeji."

Jumatatu mimi na mathe tukaweka mayai mpya, na Wilki akapanda basi ya kwao.

Sitakudanganya, wiki ya kwanza nilitaka kulia. Ule mkono wa chuma unauma kiganja. Siku ya nne stima ikapotea saa nzima, tukafunika mashine na blanketi ya kitanda cha fathe, yeye akauliza atajifunika nini, mathe akamwambia ajifunike kadi. Siku ya saba tukamulika mayai na tochi kuona gani ziko na kitu ndani, na mathe akakubali ati hajafanya hiyo kazi tangu nikiwa darasa la tatu. Alikuwa ananiuliza mimi.

Lakini Wilki alikuwa ananitumia habari. Jicho limefunguliwa bandeji. Kitu ya kwanza Dani aliona ni kuku ya jirani kwa mboga zake, na akaitukana mpaka jirani akakuja kuuliza huyu mama anaendelea aje. Halafu akaona mkono wa Wilki, akaugeuza, akasema, "Umezeeka mikono, nyathina. Unafanya kazi gani huko?" Nyathina ni mtoto wangu. Nilisomea mathe hiyo, akaenda kuongeza maji kwa sinia na yalikuwa yamejaa.

Sasa tufike Jumatatu ya wiki ya nne. Shule zilikuwa zinafunguliwa siku hiyo na mimi silali shule, hurudi nyumbani kila jioni, so nilikuwa tayari na uniform. Kwa kioo cha mlango unaona mayai zimeanza kupasuka, midomo midogo imetokea. Mathe alikuwa ameweka gumboots za Wilki kwa mlango, amezipangusa. Saa kumi na mbili, hakuna mtu. Saa kumi na mbili na nusu, hakuna mtu.

"Mpigie," akasema. "Piga ya video nimwone kama ako kwa gari."

Wilki akashika. Nyuma yake kuna ndizi na ukuta.

"Wilki, si leo ndio siku ya kutoka? Nimeandika mwenyewe."

"Mama Maggie, umehesabu Jumapili?"

"Siku si ni siku?"

"Mayai hazipumziki Jumapili. Mimi napumzika." Akacheka, akaendelea. "Sheria imesema siku za kazi. Jumatatu mpaka Jumamosi ni sita. Wiki tatu ni kumi na nane. Bado leo, kesho na Jumatano. Alhamisi saa kumi na mbili niko kwa mashine."

"Lakini Jumapili si ulikuwa unakuja?"

"Nilikuwa nakuja juu nyinyi mnasahau kugeuza."

Nikafungua simu ya mathe haraka, nikaitafuta tena ile sheria. "Mum, imeandikwa za kazi. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo, ni vile hakuna mtu alisikia."

Mathe akaangalia yale mayai zinapasuka. Sauti ikashuka. "Wilki, nakuomba. Panda gari saa hii. Hizo siku tatu nitakupea Disemba."

Wilki hakucheka. "Kesho ndio daktari anamwona. Nikimwacha leo, hataenda."

Mathe akaangalia zile gumboots kwa mlango. Halafu tukasikia sauti ingine ikiuliza ni nani huyo anaongea hivyo, na simu ikavutwa, na kwa screen kukatokea shosho amefunga leso kwa kichwa, ameleta jicho la kulia karibu kabisa.

"Wewe ndio Idah?"

"Ni mimi, mama. Habari ya jicho?"

"Na sauti yako ni ya mtu mnene."

Mathe akashindwa, akacheka. "Watu husema hivyo."

"Hao vifaranga mnapigania ni wapi? Nionyeshe. Miaka saba nasikia tu hadithi."

Nikapeleka simu kwa kioo, nikaisongesha pole pole trei kwa trei. Dani akawa ananong'ona, Kijaluo na Kiswahili, anawahesabu. Halafu akasema, "Simama hapo. Rudi. Yule wa kona, ganda limemkaukia. Amechoka."

Sisi hatukuwa tumemwona. Mathe akainama mpaka pua ikagusa kioo. Kweli, kulikuwa na mmoja ametoboa tundu dogo na akaacha, ganda limekuwa kavu kama karatasi. Wilki akaturudia kwa simu, akamwelekeza mathe: lowesha kidole na maji ya vuguvugu, fungua kidogo, mtoe, funga haraka, umloweshe ganda pole pole, usivute. Mathe alifanya na ulimi umetoka nje kama mtu anadunga uzi kwa sindano. Ilichukua kama dakika kumi. Kikatoka kimelowa, kibaya, kikalala kwa kiganja chake.

"Anapumua?" Dani akauliza.

"Anapumua."

"Basi si mnaweza."

Mathe akakaa hivyo na hiyo kitu mkononi. "Wilki, kesho mwende kwa daktari mapema, msipange foleni kwa jua. Alhamisi tutaonana." Akaniambia nilete biro. Akapiga mstari kwa Jumatatu, akaandika Alhamisi.

Mimi nilichelewa shule. Nilimwambia mwalimu nilikuwa nazalisha, akanitazama sana.

Siku hiyo walitoka mia nne na tisa. Jumatano mayai mpya zikaingia, na Alhamisi saa kumi na mbili geti ikagongwa. Wilki, na mkungu wa ndizi. Daktari alisema jicho ni safi, na tarehe ya jicho la kushoto imepatikana. Mathe alikuwa kwa mashine ameweka yai kwa kope.

"Wako sawa," akatangaza.

Wilki akaichukua hiyo hiyo yai, akafunga macho. "Wamesikia baridi."

Akavaa gumboots, akaenda kutoa kadi yake kwa mlango. Hapo ndio aliona kuna ya tatu, imeandikwa na mathe: IDAH. KUINGIA: DISEMBA. KUTOKA: na nafasi imeachwa.

"Unaenda wapi, Mama Maggie?"

"Ugenya, na Maggie. Dani aniangalie na macho yote mawili."

Fathe alikuwa anapakia Probox. Akasimama. "Ngoja kwanza. Mimi na Wilki peke yetu, na yeye Jumapili hayuko. Jumapili nani atageuza mayai?"

Mathe akamwonyesha ule mkono wa chuma. Mchana, akiwa Thika kwa delivery, akapiga simu kuuliza ile mota ya mashine ilikuwa ya saizi gani.