Siku Tatu za Mchimba Kisima

Zamani nilichimba visima kule Koboko. Shule niliiacha darasa la tatu, sururu ndiyo iliyonikubali. Mtu akituuliza kazi itachukua siku ngapi, wachimbaji sote tulijibu tatu, hata ardhi yenyewe hatujaigusa. Ilikuwa adabu. Utamtajiaje mwenye nyumba siku ishirini na umeshika kikombe cha chai yake? Naye alijua tatu si tatu. Chai ya huko walitia tangawizi mpaka macho yanatoka machozi. Basi, tuache chai.

Sasa mgongo umekataa, naishi Arua kwa binti yangu wa mwisho, upande wa Onduparaka. Siku ya mpira, kwa kelele za uwanjani, hatusikilizani. Yeye hutengeneza programu za kompyuta pale pale sebuleni, nami nakaa pembeni namenya karanga. Mwaka huu alikuja mfanyabiashara wa Vurra mwenye malori, akataka programu ya kufuatilia mizigo yake inayoingia Kongo. Mteja mkubwa hivyo binti hakuwahi kumpata. Akauliza itachukua muda gani.

"Wiki tatu," binti akasema.

Nikaacha kumenya karanga. Sauti ile ilikuwa yangu. Yule bwana akaondoka akiwapigia madereva wake simu kwamba wiki ya tatu kila kitu tayari.

Binti akachukua karatasi, akaikata kazi vipande: kuongea na madereva, kuandika, kujaribu mpakani, kurekebisha. Kila kipande akakipa siku zake, akaongeza siku za mwamba, zile za kukutana na jiwe usilolitarajia, maana visima vyangu alivisikia tangu mdogo. Ikafika miezi minne. Akainamisha kichwa mezani.

"Baba, nikimwambia ataenda zake."

"Mama, tatu hiyo nilikufundisha mimi. Nitakaa na wewe ukimwambia."

Kesho yake bwana akarudi alipoitwa, binti akamwambia bila kuzunguka. Akacheka, akanigeukia.

"Mzee, wiki tatu imezaa miezi nne? Binti yako iko na saa ya wapi?"

Nikamwambia saa ni yangu, binti ndiyo kwanza ameirekebisha.

Akaisoma karatasi yote, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Nilimsogezea karanga, akachukua moja. Kisha akaikunja karatasi vizuri, akaiweka mbele ya binti, akavaa kofia, akatoka. Hakurudi tena.